Mzima, Afande

Kila asubuhi, kabla ya shule, palikuwa na ukaguzi.

Sajini alisimama mlangoni na fulana yake ya kulalia, mikono nyuma, na binti zake wawili wakajipanga mbele yake uani, mkubwa kulia, mdogo kushoto. Alikagua kola, vifungo, soksi, kucha. Akikuta kosa aliguna kwa sauti nzito ya kujitia ukali. Mdogo, ambaye nyumba nzima walimwita Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, alicheka mpaka akapoteza mstari. Mkubwa, waliyemwita Dada, alijikaza asicheke. Alishafikia umri wa kumwonea baba aibu. Mama yao aliwatazama kutoka kwenye meza yake ya kunyooshea nguo pembeni mwa ua, huku mkaa ukishika moto ndani ya pasi. Kazi yake ilikuwa udobi, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Dobi, naye hakuona ubaya. Tangu mumewe arudi kutoka vitani, ni katika ukaguzi huu tu ndipo alipomwona yule mwanamume aliyeondoka. Kutwa nzima iliyobaki alikaa na mtu mwingine aliyevaa sura yake.

Asubuhi hiyo Kasuku alikuja na mikono nyuma.

"Kucha," alisema baba yake.

Kasuku hakutoa mikono. Aliubana mdomo, mashavu yamejaa kicheko.

"Nimesema kucha."

"Bahatisha kwanza, baba! Bahatisha nina nini!"

"Mikono."

"Bahatisha!"

Dobi alisikia sauti ya mumewe ikibadilika kabla hajayaelewa maneno. Haikuwa tena sauti ya kujitia ukali. "Mikono! Toa mikono nione! Toa!" Alipogeuka, mtoto alikwisha kuwa chini, kifudifudi kwenye saruji, goti la baba yake mgongoni, mkono wake mmoja umepindwa nyuma. Dada alikuwa anapiga yowe. Dobi aliiacha pasi juu ya shati la mteja akakimbia, akamsukuma mumewe kwa mikono, kwa bega, kwa kichwa, ikawa kama anausukuma ukuta. Kisha ukasikika mlio mdogo, mlio wa kitu chembamba, na hapo ndipo Sajini alipoachia.

Aliinuka. Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Sikumtambua," alisema. "Mama watoto, sikumtambua."

Kwenye saruji, pale kiganja cha mtoto kilipofunguka, palikuwa na jino. Lilikuwa dogo kama punje ya mchele. Lilikuwa limeng'oka kitandani alfajiri, na Kasuku alikuwa amelificha ili baba yake awe wa kwanza kuliona.

Shati la mteja lilikuwa linaungua.

*

"Ameanguka," Dobi alimwambia nesi kwenye zahanati.

"Kutoka wapi?"

"Kwenye ngazi."

Nyumba yao haikuwa na ngazi. Kasuku, aliyekaa kitandani miguu ikining'inia, alimtazama mama yake, kisha akatazama viatu vyake. Hakuwa amesema kitu tangu uani, na kimya hicho kilimtisha mama yake kuliko mkono wenyewe.

Nesi alikuwa mwanamke mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alimfunga mtoto plasta ngumu kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko, akampa pipi, akanawa mikono polepole kama mtu anayepanga maneno. Kisha akamvuta Dobi nyuma ya pazia.

"Dada yangu, mimi nimefunga mikono ya watoto mpaka naiota. Mkono wa kuanguka naujua. Huu umepindwa."

Dobi aliitazama sakafu.

"Ni baba yake?"

"Ameanguka, nesi."

"Haya. Leo nimeikubali ngazi yako. Lakini mtoto huyu akirudi hapa na ngazi nyingine, nawaita watu wa ustawi wa jamii, na wale hawaji kunywa chai. Wanabeba watoto wote wawili. Sikutishi, nakuambia tu, usije ukasema hukuambiwa."

Alifungua pazia, akaita kwa sauti ya kawaida, "Anayefuata!"

Nyumbani, mama mkwe alikuwa anamngoja kizingitini. Watoto walimwita Bibi, na Dobi naye alizoea kumwita hivyo wakiwapo. Alikuwa amekwisha kuikwangua pasi na kulizika lile shati lililoungua kwenye takataka.

"Umewaambia nini?"

"Nimesema ngazi."

"Vizuri."

"Vizuri, mama?"

"Ulitaka useme nini? Kwamba mwanangu ana wazimu? Neno likitoka halirudi ndani, mwanangu. Leo utalisema zahanati, kesho litakuwa bombani kwenye ndoo za watu, keshokutwa mtoto wako shuleni anaitwa binti wa kichaa. Na huyu mkubwa ataolewa na nani?"

Dobi alimlaza Kasuku, akaenda kumtafuta mumewe. Alimkuta amepiga magoti uani, brashi mkononi, anasugua saruji mahali ambapo hapakuwa na doa lolote.

*

Ofisi ya askari waliorudi ilikuwa na dirisha moja lililokuwa wazi na mengine yaliyofungwa kwa maboksi ya karatasi. Watu walikaa kwenye benchi na kusogea kila mmoja alipoitwa, kiasi kwamba benchi lilikuwa limeng'aa kwa makalio. Dobi alisogea nalo asubuhi nzima. Kushoto kwake alikaa mwanamume aliyefungwa jicho, kulia kwake mwanamke aliyekuja na picha ya mwanawe na hakutaka kuambiwa tena arudi wiki ijayo.

Karani alikuwa kijana wa shati jeupe. Dobi aliliangalia shati lile kwa jicho la kazi. Lilikuwa limenyooshwa na mtu mvivu.

"Mume wako," alisema karani baada ya kufunua faili, "ni mzima."

"Ndivyo wanavyosema, ila..."

"Si wanavyosema. Ndivyo alivyo. Amepita mbele ya bodi ya madaktari mara mbili, na mara zote mbili kaonekana mzima. Sasa unataka nini, mama? Tumtafutie ugonjwa?"

"Nataka kitanda. Nasikia hospitali ya jeshi ina wodi ya... ya waliorudi na vichwa vimechoka."

"Ipo. Na vitanda vyake havitoshi hata kwa wanaopiga kelele. Mumeo anapiga kelele?"

"Hapana."

"Anavua nguo barabarani?"

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka. Dobi alihisi joto likimpanda shingoni.

"Hapana. Ila hana raha. Halali vizuri."

"Na mimi silali vizuri, nina mtoto mchanga." Benchi lilicheka tena, safari hii zaidi, kwa sababu watu waliokaa muda mrefu hucheka chochote. Karani mwenyewe alitabasamu, kisha akaonekana kujuta kidogo. Alishusha sauti. "Sikiliza. Nilimwona mwenyewe siku ile. Aliingia kanyooka kama mlingoti wa bendera. Viatu unaweza kujitazamia. Kuna watu hapa wanaingizwa kwa kitoroli. Bodi wakimwona mtu kama mumeo wanafurahi, wanaona angalau mmoja karudi salama. Rufaa ya mwisho ni Alhamisi. Akionekana mzima tena, faili linafungwa na jeshi halimjui. Akiumwa baada ya hapo aende akapange foleni na raia wengine."

"Alhamisi hii?"

"Hii hii. Anayefuata."

*

Redio, aliyepigana vitani chini ya Sajini, alikuja Jumanne mchana. Jeshini alikuwa mtu wa mitambo ya mawasiliano, na hata sasa hakuweza kukaa na habari. Alikuwa amepoteza mguu mmoja juu ya goti, na magongo yake yalitangulia kusikika kabla ya salamu zake.

"Hodi wenyewe! Mguu mmoja unaomba kuingia!"

"Ingiza yote miwili," alijibu Dobi kutoka kwenye pasi, na ndipo akajishika mdomo.

Redio alicheka mpaka akakosa pa kuegemea. "Shemeji, wewe ndiye unayenifaa. Watu wote siku hizi wananisemesha kama niko msibani. Afande yuko wapi?"

"Ametoka. Anatembea. Siku hizi asubuhi anatoka, anarudi watoto wakishakula."

Redio alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Alimwona Kasuku mlangoni na plasta yake, akampungia. Kasuku aliingia ndani. Redio alitazama mlango ule kwa muda, na uso wake ukapoa.

"Ni yeye?"

Dobi aliendelea kunyoosha. Shuka lilikuwa refu, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akamweleza yote, kwa sauti ndogo, macho kwenye shuka.

"Na bodi wanasema mzima," alisema Redio.

"Mara mbili."

"Unajua kwa nini mimi wamenipa matibabu, pensheni, magongo? Kwa sababu mguu haupo, na kila mtu anaona kwamba haupo. Hakuna daktari wa kubishana na mguu. Mumeo kakatwa pasipoonekana. Haya, niambie. Siku ya bodi aliingiaje?"

"Vizuri tu. Nilimfulia sare, nikaitia wanga. Nilimnyooshea suruali, mstari ungeweza kukukata kidole."

Redio alifumba macho. "Shemeji."

"Nini?"

"Ulikuwa unampeleka kupandishwa cheo?"

Dobi aliweka pasi chini.

"Nilitaka wamheshimu," alisema. "Nilisema wakimwona mchafu watadhani hana mtu."

"Najua. Ungekuwa mke wangu ningekununulia pasi ya dhahabu. Lakini wao walitazama suruali. Halafu wakamuuliza unajionaje, naye akasema..."

"Mzima, afande."

"Mzima, afande! Unajua nani alitufundisha kusema hivyo? Yeye. Nilikuwa kuruta, nina homa, natetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Akaja mbele yangu, 'Una nini wewe?' Nikasema naumwa. Akanipa zamu ya lindo mara mbili. Wiki ya pili, homa ile ile, 'Una nini wewe?' Nikasema mzima, afande. Akanipiga begani, akasema, 'Sasa umekuwa askari.'" Redio alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Ametutoa ugonjwa mdomoni, mmoja mmoja. Sasa unataka leo yeye auseme, tena mbele ya mtu mwenye nyota mabegani? Hawezi, shemeji. Ulimi wenyewe haugeuki."

"Nifanye nini?"

"Kwanza, usiiguse hiyo sare. Aende alivyo. Pili, ingia naye, useme wewe."

"Mimi? Mbele ya wakubwa? Mbele ya karani tu nilishindwa kumaliza sentensi."

"Wewe hukula kiapo," alisema Redio.

Mlango ulisukumwa. Bibi alitoka, khanga imekazwa kiunoni. Alikuwa amesikia.

"Shikamoo, mama," alisema Redio.

"Marahaba. Umekuja kunivulia mwanangu nguo?"

"Hapana, mama. Nimekuja..."

"Wewe jeraha lako ni la heshima. Unapita barabarani watu wanakupisha. Sasa unataka la mwanangu liwe la kichwa? Unajua kichwa kinaitwaje mtaani?"

"Mama," alisema Redio taratibu, huku akijiinua juu ya magongo, "huyu mtu ndiye aliyenibeba. Mimi nikiwa mzigo, sina hata mguu wa kujisaidia. Siwezi kumtakia aibu."

"Basi mwache na heshima yake."

Redio alimtazama Dobi. Dobi alikuwa ameinamia shuka. Alipofika barabarani Redio alisimama, akataka kusema kitu zaidi, akaona hakuna ambacho hajakisema. Sauti ya magongo ikafifia.

*

Siku ya pili Dobi aliiloweka sare. Aliitia ndani ya ndoo ya nguo za wateja, chini kabisa, chini ya mashuka, akamwagia maji. Aliona haya kwa ujanja huo wa kitoto. Lakini hakuwa na ujanja mwingine.

Sajini alirudi mapema kuliko siku nyingine. Alitafuta kabatini, alitafuta kwenye kamba, kisha akaja uani akasimama mbele ya ndoo zilizopangwa. Hakumwuliza. Alikunja mikono ya shati, akatumbukiza mkono kwenye ndoo ya kwanza, ya pili, mpaka akaipata. Aliikamua. Mshipa ulimtoka shingoni.

"Ilikuwa chafu," alisema Dobi.

"Haikuwa chafu."

"Baba watoto, kesho nenda na nguo za kawaida. Nenda na lile shati la bluu."

"Sitaki kwenda kama mgonjwa."

"Kwani wanakuita kwa ajili ya nini?"

"Wameniita. Nimeitwa, nakwenda." Aliitandika suruali juu ya meza ya mkewe, ikiwa bado mbichi, akachukua pasi. "Nisogezee maji."

Hakuwa amemwomba chochote kwa siku kadhaa. Dobi alimsogezea maji. Mvuke ulipanda, akamwona akinyoosha kwa mikono yake mikubwa, kwa uangalifu, akivuta pindo, akirudia. Alikuwa anajua kazi hiyo kuliko mkewe alivyodhani. Mstari ulitoka umenyooka kuliko wa Dobi, naye aliuchukia mstari ule kama mtu.

Kasuku alitokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa anakwenda chooni, na njia ya choo ilipita kando ya meza. Alimwona baba yake, akasimama. Halafu akazunguka. Alipita nyuma ya kamba, kati ya mashuka yaliyoanikwa na ukuta, mahali ambapo hata kuku walipita kwa kubanana, plasta yake ikikwaruza tofali. Mashuka yalitikisika yakionyesha anapopita.

Sajini aliweka pasi chini. Akarudi hatua nyuma, mbali na meza, akainua mikono yote miwili juu, viganja wazi, vidole vimetengana. Akasimama hivyo, kama mtu aliyejisalimisha, mpaka mtoto akamaliza kupita. Mtoto aliporudi, baba aliinua tena.

Dobi alijifanya anachochea mkaa. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni akichambua mboga, na aliyaona yote. Aliendelea kuchambua, lakini alikuwa anatupa majani mazuri na kuweka sufuriani yale mabovu, na ilipita muda kabla hajagundua.

Asubuhi ya Alhamisi, Sajini alipotangulia nje, Bibi alimshika Dobi mkono kizingitini. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Wakikuuliza..." alianza. "Mimi ndiye niliyemzaa. Nilimnyonyesha mimi." Akaachia mkono. "Nenda ukaseme. Watoto nitabaki nao."

*

Chumba cha bodi kilikuwa na meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kijani, jagi la maji, na feni iliyogeuka kutazama kila mtu kwa zamu. Nyuma ya meza walikaa watu watatu. Katikati alikuwa kanali, mwanamke mwenye mvi chache zilizobanwa nyuma vizuri, naye alikuwa daktari. Kulia kwake daktari wa kiraia, kijana bado, aliyefikicha macho mara kwa mara kama asiyepata usingizi wa kutosha. Kushoto, karani yule yule wa dirishani.

Sajini aliingia, akapiga saluti, akasimama wima. Kisigino kiligonga kisigino. Dobi aliingia nyuma yake na mkoba wake kifuani, akaonyeshwa kiti karibu na mlango. Aliwaona wote watatu wakimtazama mumewe kuanzia viatu, wakipanda na mstari wa suruali hadi vifungo, na aliona uso wa kanali ukilainika.

"Kaa, Sajini."

"Nashukuru, afande. Nitasimama."

"Unalala?"

"Ndiyo, afande."

"Chakula?"

"Nakula, afande."

"Kuna sauti unazisikia? Ndoto mbaya?"

"Hakuna, afande."

"Na nyumbani? Mke, watoto?"

Feni ilifika kwa Sajini, ikainua ukosi wake kidogo, ikaondoka.

"Hakuna tatizo, afande."

"Kwa jumla unajionaje?"

"Mzima, afande."

Daktari kijana alikuwa ameshaandika. Kanali aligeuza ukurasa, kisha, kwa adabu tu, kama mtu anavyomwuliza mgeni iwapo ataongeza chai huku chupa imekwisha, akamtazama Dobi.

"Mama, una la kuongeza?"

Dobi alisimama. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa hayakuwapo.

"Hana raha," alisema. "Halali vizuri." Alimwona karani akiinamisha uso. "Ni mtu mzuri, afande. Ni mtu mzuri sana."

"Hilo tunaliona," alisema kanali. "Asante, mama." Akachukua kalamu.

Dobi hakukaa. Alijaribu kukaa, hata magoti yalianza kukunjika, lakini aliiona ile kalamu ikishuka kwenye karatasi.

"Namwogopa," alisema.

Kalamu ilisimama.

"Namwogopa mume wangu. Tunalala chumba kimoja, mimi na wanangu, tumeegemeza kabati mlangoni. Kila jioni nalisukuma kidogo kidogo ili asisikie, na najua anasikia. Akikohoa, nakata pumzi. Akinyamaza, nakata pumzi. Mtoto wangu ana plasta kutoka hapa mpaka hapa. Nilisema kaanguka kwenye ngazi. Sisi hatuna ngazi, afande. Mtoto alificha mikono nyuma kwa mchezo, naye akamlaza chini akamvunja mkono mbele yangu, na mimi nilimsukuma nikashindwa." Alikuwa analia sasa, na hakujali. "Nyinyi mnaangalia nguo. Hizo nguo ni kazi yetu, tunajua kunyoosha. Aliyemo ndani hamjamwangalia. Mimi nampenda. Msiseme nimekuja kumsema vibaya. Nampenda na namwogopa, na nimechoka kufanya yote mawili kwa wakati mmoja."

Sajini hakugeuka. Alikuwa bado anatazama ukuta ulio juu ya kichwa cha kanali, lakini mstari wa mabega yake ulikuwa umeharibika, bega moja limeshuka.

"Sajini," alisema kanali, "haya ni kweli?"

Sajini aliyashusha macho kutoka ukutani.

"Kweli, afande."

Kanali alilikata neno 'mzima' lililokuwa limeandikwa kwenye faili, kwa mstari mmoja mrefu. Daktari kijana alisogeza kiti mbele. Alikuwa na sauti ya upole, na alitaka kusaidia.

"Sajini, jambo hili hutokea. Umekaa mahali ambapo mtu akificha mikono unakufa. Mtoto kaficha mikono, na kwa zile sekunde chache hukumwona mwanao. Ulimwona adui. Hukumtambua. Si ndiyo?"

"Ndivyo alivyosema," Dobi aliwahi kujibu kwa niaba yake, akijifuta uso. "Siku ile ile alisema. Hakumtambua."

Daktari aliitikia kwa kichwa, akaanza kuandika. Ilikuwa sababu nzuri. Wote mle chumbani wangeweza kutoka nayo.

Sajini alikivuta kile kiti alichokikataa, akakaa bila kuambiwa. Aliiweka kofia yake sakafuni. Kisha akageuka, akawapa mgongo wakubwa wote watatu, akamtazama mkewe.

"Nilimtambua," alisema.

"Baba watoto..."

"Nilimtambua, mama watoto. Nilijua ni Kasuku. Niliona kile kibanio cha njano ulichomfunga nywele. Nilimsikia akiniita baba. Kichwani nilikuwa nasema, huyu ni mwanangu, achia, achia, na mikono ikaendelea." Alipumua kama mtu anayepanda mlima. "Haikuacha kwa sababu nilimtambua. Iliacha kwa sababu mkono wake ulivunjika."

Aligeuka kuelekea mezani. Midomo yake ilijaribu neno la kwanza, ikashindwa, ikajaribu tena.

"Msinirudishe nyumbani," alisema. "Nawaomba. Msinirudishe kwa watoto wangu."